Anayeupokea Msalaba Mlangoni

Jumatano, 5 Machi

Leo ni Jumatano ya Majivu. Watu wameacha sukari, wameacha nyama. Jirani yetu Mama Mwende ameacha tamthilia za Kituruki, na kufikia saa kumi jioni alikuwa amenuna tayari. Mimi nimenunua daftari hili. Nimeweka nadhiri ya kuandika hadi Pasaka, na kutosema uongo humu ndani. Kwa mdomo siwezi kusema mengi. Niko kidato cha tatu na mpaka leo mwalimu akiniita jina, najifanya natafuta kalamu chini ya dawati.

Jalila, ambaye tunakaa dawati moja, aliona majivu kwenye paji la uso wangu akatoa leso yake.

"Shoga, umejipaka masizi. Njoo nikupanguse."

Nilipomweleza alifurahi. Yeye yuko katika mfungo wa Ramadhani. "Basi tufunge pamoja," akasema. "Wewe utakunywa maji, mimi nitakutazama."

Ijumaa, 7 Machi

Msalaba umeanza safari yake. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Veronika ina nyumba kumi na tisa hapa Magongo, Changamwe, na kila Kwaresima huchaguliwa nyumba sita. Ijumaa moja hadi nyingine msalaba unahamishwa kwa nyimbo, unakaa katika nyumba hiyo juma zima, na watu wanakuja kusali. Njiani wanaoubeba ni wanaume, lakini mlangoni lazima upokewe na mama wa nyumba. Anavua viatu, anaubusu, anauingiza ndani kwa mikono yake. Nyumba isiyo na mama haipokei msalaba. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijazaliwa na sijawahi kusikia mtu akiuliza sababu.

Nyumba ya sita ndiyo yenye heshima, maana Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu huanzia hapo. Mwaka huu ni nyumba ya dada yangu Mweri na mumewe, Lenox. Lenox ni kiongozi wa kwaya, na ndiye anayeubeba msalaba Ijumaa Kuu, huu ni mwaka wa nne. Mama amewaambia mpaka wauza mchicha.

Jumatatu, 10 Machi

Joto. Jaribio la kemia. Sikuinua mkono hata mara moja.

Ijumaa, 14 Machi

Zamu yetu. Mama alisugua sakafu mara mbili, akavaa kitenge cha Krismasi. Walipofika na nyimbo zao alivua ndara, akaupokea. Nilimwona akipitisha kidole chini kabisa, karibu na mguu wa msalaba. Najua alichokuwa akitafuta. Marehemu baba ndiye aliyeuchonga, kwa mbao za paleti alizopewa bandarini alikokuwa akifanya kazi. Chini ya vanishi bado zinaonekana namba nyeusi zilizopigwa chapa: 4417, na nusu ya herufi moja ambayo msumeno uliikata.

Lenox ndiye aliyekuwa ameubeba. Alinisukumia ule mkono mmoja wa msalaba. "Shemeji Kitabu, njoo umsaidie mama."

Watu wote waligeuka kunitazama. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga kabati. Wakacheka, naye akacheka, lakini kwa upole. Lenox ana kicheko kizuri. Akija hutuletea mkate wa mofa na hukumbuka kuniuliza ninasoma nini. Niliwahi kumwomba Mungu, kama nitaolewa, anipe mtu wa namna hiyo. Naandika hapa kwa sababu niliahidi kutosema uongo.

Jumanne, 18 Machi

Nilirudi shuleni nikamkuta Mweri ameketi sebuleni, chini ya msalaba, amejifunika leso kichwa kizima kama mwenye homa. Mfuko mmoja wa plastiki miguuni. Nikasema, "Shikamoo dada." Hakuitikia. Mama alikuwa jikoni anapasua barafu kwa mchi.

Mweri alipoondoa leso niliona jicho la kushoto limefungwa kabisa, zambarau. Kifundo cha mkono kimevimba, amekishika kama anashika kitu cha mtu mwingine.

Nilifunga barafu kwa kitambaa nikamkandakanda usoni. Hakuna aliyenifundisha. Aliniambia, akitazama ukuta, kwamba alikuwa bafuni na hakusikia hodi, na Lenox alisimama nje ya lango na wanakwaya wenzake, dakika tano labda. Wanakwaya walipoondoka ndipo ilipoanza.

"Ni mara ya kwanza?" nikauliza.

Mama akaingia akasema, "Winfred, mwache mwenzio apumzike." Nikasema, "Abee mama," nikaondoka. Lakini niliiona sura ya Mweri, na jibu nililipata hapo.

Alhamisi, 20 Machi

Kifundo kimevunjika. Wamekifunga plasta. Hospitalini alisema aliteleza, na Mama alikuwa kando yake akitikisa kichwa kukubali.

Lenox alikuja jioni na mkate wa mofa. Alipiga magoti mbele ya msalaba kabla hata ya kutusalimu, akalia, machozi ya kweli. Mama alilia naye. Mweri alibaki chumbani. Nilikuwa mezani na kitabu cha historia na sikugeuza ukurasa hata mmoja.

"Shemeji Kitabu," aliniambia akitoka, "niombee." Nikasema nitamwombea. Nimemwombea.

Ijumaa, 21 Machi

Msalaba umeondoka kwetu kwenda nyumba ya tatu. Wanawake walibaki nyuma kunywa chai wakamzunguka Mweri.

"Pole, mama."

"Mume wangu miaka ya kwanza alikuwa moto hivyohivyo. Sasa hivi namtuma dukani."

"Lenox si mlevi. Shukuru."

Mama Mwende alimshika bega. "Kila mtu na msalaba wake, Mweri. Huu ndio wako."

Mweri akasema, "Asante, Mama Mwende." Nami nilidhani ni maneno mazuri. Niliyaandika nyuma ya daftari la dini.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Gershom, mwenyekiti wa jumuiya, amekuja baada ya misa. Ametokea Vihiga, ameishi Changamwe miaka thelathini, na huzungumza polepole kama anayemsomea karani.

"Mama Mweri, tuongee kama watu wazima. Tarehe kumi na moja mwezi ujao msalaba unaingia kwa Lenox. Nani ataupokea?"

Mama akasema, "Mwenyekiti, si ungehamishiwa nyumba nyingine? Kwa mwaka huu tu."

"Padre ametangaza. Majina yako ubaoni. Tukibadilisha, watu watauliza. Wakiuliza tutawaambia nini? Kwamba kiongozi wa kwaya hana mke?"

"Anaye mke. Ana plasta mkononi."

Nilishangaa. Mama hajawahi kumjibu hivyo. Mzee Gershom alitabasamu.

"Mkono mmoja mzima unatosha kupokea msalaba. Yesu alikuwa na misumari miwili."

Baada ya kuondoka, Mama alichambua mchele uliokuwa umechambuliwa tayari.

Jumatano, 26 Machi

Joto tu. Mawingu yanakuja, yanakaa juu ya matangi ya mafuta, yanaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nilikwenda kwa kina Jalila. Nilikula viazi vya biriani nikaacha nyama, maana kwetu bado ni Kwaresima, na mama yake akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Kaka yake, Ahmad, alikuwa akiosha tuktuk yake uani, ameivalisha maua ya plastiki kwa sikukuu.

Nilimweleza Jalila yote. Kwa mdomo wangu, mpaka mwisho. Alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani.

"Kwetu pia wako wanaume kama huyo," akasema. "Usidhani. Wana aya zao za kujifichia. Lakini niulize kitu, usikasirike. Huo msalaba, kwenu, si ndio uliotumiwa kumuua Yesu?"

"Ndiyo."

"Na alikuwa hana kosa."

"Hana."

"Sasa mtu akimuumiza asiye na kosa, nyinyi mnakuwa upande wa nani?"

Nikamwambia haelewi, ni mambo ya imani. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Njiani kurudi nilitambua kwamba mimi ndiye sikuelewa, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu hiyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Nimekuwa wa tatu. Mzee Gershom amesikia, akaja kunipongeza, akanipa kazi: niandike tafakari fupi za vituo vyote kumi na vinne vya Njia ya Msalaba na nizisome mimi mwenyewe Ijumaa Kuu, kwa kipaza sauti. "Una Kiswahili safi," akasema. "Ni zawadi. Usiifukie."

Kusoma mbele ya watu mia mbili barabarani.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika polepole, ili niandike sawasawa.

Mama alikuwa amelala mchana. Mimi na Mweri tulikuwa jikoni, yeye anamenya vitunguu kwa mkono mmoja, amebana kitunguu chini ya plasta. Lenox amempigia simu kila siku juma hili. Mzee Gershom amekuja mara tatu. Mama Mwende mara sijui ngapi.

Mweri akasema, "Wewe ndiye msomi hapa. Hawa wote wana ya kwao. Mama anataka amani, Gershom anataka maandamano yake. Wewe hutaki kitu. Niambie, Injili inasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kikubwa namna hiyo, na nilijua mahali pa kutafuta. Nikaenda kuchukua kitabu. Nikamsomea yale maneno ya Yesu kwamba anayetaka kumfuata ajikane nafsi yake na ajitwike msalaba wake kila siku. Nilisoma vizuri. Nilitumia sauti ya kanisani.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Hapo imeandikwa mke, ama imeandikwa mtu?"

"Mtu yeyote."

"Basi na Lenox pia."

"Na Lenox pia."

Akacheka kidogo. "Wa kwake ni upi?"

Nikageuza kurasa mbili, tatu. Alingoja. Vitunguu vilikuwa vinatutoa machozi wote wawili, kwa hiyo sijui kama alikuwa analia. Kisha alinawa mkono, akaenda chumbani, na nikasikia mfuko wa plastiki ukikunjuliwa.

Jumatano, 9 Aprili

Amerudi kwa mumewe. Mzee Gershom mwenyewe alimsindikiza. Mama Mwende alipiga vigelegele, kimoja, akaona hakuna anayemwitikia.

Ijumaa, 11 Aprili

Ameupokea. Alivaa kitenge kipya na kilemba kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Alivua viatu, akaubusu, akauchukua kwa mkono mzima huku akiukandamiza kwa ile plasta. Msalaba ulielemea upande mmoja. Hakuna mwanamume aliyesogea, kwa kuwa desturi ni desturi. Lenox alisimama kando ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndani alitoa ushuhuda. Alisema shetani alikuwa ameingia nyumbani mwake lakini msalaba umemtoa. Alimwita Mweri "malkia wangu". Watu walipiga makofi. Mzee Gershom aliniangalia, akaniashiria kwa kidole: andika, hii ni tafakari.

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa anahesabu watu kwa macho, apate kujua vikombe vinavyohitajika.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeandika tafakari kumi na nne. Kituo cha tano, Simoni Mkirene anasaidia kubeba msalaba, kimenichukua asubuhi nzima. Nimeisoma habari ya mateso mara tatu nikitafuta kitu kimoja tu: nani anamtwika mwenzake msalaba? Petro hapana. Wale wanawake waliolia hapana. Ni askari peke yao. Walimkamata mtu aliyekuwa anatoka shambani, wakamtwika kwa nguvu. Yesu aliwaambia watu wajitwike. Hakumtuma yeyote amtwike jirani yake. Na wake mwenyewe aliuchukua kwa hiari, hakuna aliyemsukumia na kumwambia hili ndilo fungu lako.

Nikaandika hivyo. Kisha nikaketi nikiangalia karatasi. Jumapili ile jikoni, na ile sauti yangu nzuri ya kanisani, mimi nilikuwa nani katika hadithi hii?

Nilimpelekea Mzee Gershom. Alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka kituo cha tano. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya aya yote.

"Hii itawachanganya waumini."

"Lakini ni kweli, Mwenyekiti?" Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

Akafikiri. Nadhani alifikiri kweli. "Si kila la kweli ni la barabarani, mwanangu."

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Lenox aliimba peke yake ubeti wa katikati, watu wakafumba macho. Mweri hakuja. Ana homa, alisema Lenox.

Jumanne, 15 Aprili

Mama amekwenda kumwona Mweri. Alirudi saa saba mchana, akaketi kitandani kwangu, kitu ambacho huwa hafanyi.

"Nimemkuta uani anafua. Amenipa mgongo. Nimemwita: Mweri. Nimemwita tena. Nimesimama hatua mbili nyuma yake, upande wa kushoto, naita mtoto niliyemzaa. Hakugeuka mpaka alipoona kivuli changu."

Alinyoosha shuka langu kwa kiganja.

"Jumamosi mchana Lenox alimpiga kofi hapa." Alijigusa sikio. "Eti Mweri alishindwa kupata chumvi haraka. Msalaba uko palepale ukutani. Damu ilitoka sikioni usiku kucha, na yeye alikuwa anahofia mto wenye foronya mpya."

Nilisema, "Ni mimi, mama. Ni mimi niliyemsomea."

"Wewe umesoma. Mimi nimemwambia aseme aliteleza." Hakunikumbatia. Alisema tu hivyo, kama mtu anayegawa chakula kwa sahani mbili.

Kisha akaniambia kila kitu, kwa sauti ya chini. Ijumaa Lenox atakuwa amebeba msalaba, na jumuiya yote itakuwa nyuma yake. Mpaka kituo cha kumi na nne hawezi kuutua. Mama atabaki na Mweri, kwa kisingizio cha homa. Ahmad atakuja na tuktuk, watapita barabara ya Dongo Kundu mpaka Mtongwe, kwa shangazi Nyamvula, dada yake baba, ambaye jumuiya haijui nyumba yake.

"Nguo zake, cherehani, vyeti. Dakika arubaini zinatosha, lakini kutoka kwa Lenox hadi kanisani ni mwendo mfupi. Mwaka jana walimaliza mapema." Akanitazama. "Wewe ndiye unayesoma."

"Abee."

"Utasoma polepole."

Jumatano, 16 Aprili

Jalila atasimama Ijumaa nje ya duka la vipuri, karibu na kituo cha kumi na mbili. Ahmad atampigia simu wakiondoka. Tumepatana: mwavuli ukiwa umefungwa, bado. Ukifunguliwa, wameshaondoka. Jua lilikuwa linawaka tulipopanga hivyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Tulianza saa tatu asubuhi, mlangoni kwa Lenox. Alivaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu wa kwaya. Mama alimwambia Mzee Gershom kwamba atabaki amwangalie mgonjwa.

"Vizuri sana, mama," akasema. "Hiyo nayo ni Njia ya Msalaba."

Lenox aliniinamia akanong'ona, "Shemeji Kitabu, usitetemeke. Mimi niko hapa."

Kituo cha kwanza sauti yangu ilitoka kama ya panya na kipaza sauti kikapiga mlio. Watoto walicheka. Kituo cha pili nilianza kusoma polepole. Nilitulia kila nukta. Kituo cha tatu matone yalianguka, makubwa, ya moto. Ndiyo mvua tuliyoingoja tangu Februari. Ikaja leo.

Watu walifungua miavuli. Mwavuli mwekundu, wa bluu, wa kampuni ya simu, na ndipo nilipoona ujinga wetu. Nikamwona Jalila kwa mbali, nje ya duka la vipuri, peke yake katika barabara nzima ameshika mwavuli uliofungwa. Bui-bui limemganda mwilini. Mwenye duka alikuwa anamwashiria aingie ndani, naye anatikisa kichwa kukataa.

Mzee Gershom alianza kunizungushia mkono: haraka, haraka. Nilijifanya naangalia karatasi. Wino ulikuwa umeanza kutiririka, lakini nilikuwa nimeziandika mimi, nazijua kwa moyo.

Kituo cha tano nilisoma ile aya yenye mstari mwekundu. Niliisoma yote. Nilisema waliomtwika Simoni msalaba walikuwa askari, na kwamba hatusomi mahali popote kuwa mwanafunzi wa Yesu alimtwika mtu. Nikairudia tangu mwanzo, kama mtu aliyepotea mistari. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama Mwende alikuwa mbele yangu, nikamwona akishusha mwavuli kidogo ukamfunika uso.

Lenox aligeuza kichwa chini ya mbao akaniangalia. Si kwa hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa.

Kituo cha sita Veronika anampangusa Yesu uso. Sikusoma niliyoandika. Nilisema jinsi barafu inavyofungwa kwenye kitambaa ili isichome ngozi. Nilisema unaanzia pembeni ya jicho, husukumi. Nilisema mengi, sikumbuki yote, mimi ambaye darasani sijawahi kuinua mkono. Mtu mmoja nyuma alisema, "Huyu mtoto ana mafunuo." Mwingine akasema, "Tumelowa, jamani."

Kituo cha tisa, ambapo Yesu anaanguka mara ya tatu, Lenox alipiga magoti kama inavyotakiwa, kwenye maji ya matope, na nilimwacha hapo. Nilisoma. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Trela zilikuwa zimesimama foleni, madereva wamevua kofia. Aliomba kwa midomo, bila sauti: "Winfred." Si Shemeji Kitabu. Nikageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu nikaendelea kusoma.

Kila mwaka nilimwonea huruma akiwa chini ya msalaba ule. Leo nilimwona mtu mzito asiyeweza kuutua kwa sababu watu wanamtazama. Ulikuwa umemshika. Baba, aliyeuchonga kwa mbao za paleti, hakujua alikuwa anachonga nini.

Kituo cha kumi na moja, bado. Jalila alikuwa anatetemeka kwa baridi. Baadaye Mama aliniambia kilichokuwa kimewakwamisha: Mweri alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu, akisema leo si siku ya kuondoka, ni Ijumaa Kuu, watu watasemaje.

Kituo cha kumi na mbili Yesu anakufa. Hapo watu wote hupiga magoti na kukaa kimya kidogo. Nilingoja. Kimya kikapita kiasi. Mzee Gershom alikuja mpaka ubavuni pangu. "Soma, mtoto." Sikusoma. "Unaumwa?" Sikujibu. Akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, nami nikakishika kwa mikono yote miwili, kama watoto wanaogombania kijiko.

Jalila akafungua mwavuli. Ulikuwa wa kijani, una ubavu mmoja uliovunjika.

Nilisoma viwili vilivyobaki kwa dakika nne.

Jumamosi, 19 Aprili

Walikuja saa nne asubuhi, Mzee Gershom mbele, Lenox nyuma ameubeba msalaba. Kuna mikwaruzo miwili shingoni mwake, ya zile mbao. Majirani walitoka milangoni.

"Mama Mweri," alisema Mzee Gershom, "umetuaibisha Ijumaa Kuu. Nyumba ya Lenox haina mama. Desturi unaijua. Msalaba hauna pa kukaa mpaka Pasaka. Mrudishe mtoto leo tuyamalize kimyakimya. Ukikataa, upokee wewe huu msalaba, na jina lako ulifute katika jumuiya."

Mama alikuwa mlangoni. Nilijua miguu yake ilikuwa tupu, kwa mazoea alikuwa amevua ndara alipouona tu.

"Mwambie autue chini kwanza," akasema.

"Mama, nimekosa," Lenox alisema. Machozi yaleyale. "Niambie yuko wapi nikamwombe radhi. Nampenda."

"Sikio lake la kushoto halisikii. Utamwombea upande gani?"

Watu walitazamana. Kumbe hawakuwa wamejua. Au walikuwa wamejua. Lenox alisogea hatua moja akauinua msalaba, akampa, na mikono ya mama yangu ikaanza kunyooka yenyewe. Nyumba zote kumi na tisa hakuna iliyowahi kuukataa. Niliiona mikono ikifika nusu, ikasimama, ikarudi kifuani.

"Kutoka kwako, hapana."

Akafunga mlango. Akakaa sakafuni nyuma yake na kulia kama alivyolia kwenye mazishi ya baba. Tulisikia mbao zikiegemezwa ukutani nje, kisha viatu vikiondoka. Mama Mwende alisema, wazi, ili tusikie: "Wamemfungia Bwana mlango."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Kengele ya kanisa ililia na sisi hatukuwa tumevaa. Mama alikunywa chai ya rangi akiutazama mlango.

Nilitoka. Ulikuwa umeteleza, umelala kwenye matope chini ya mfereji wa paa, na kuku wa jirani alikuwa amejikinga chini ya mkono wake mmoja. Watu walikuwa wanapita kwenda misa na nguo nyeupe, wakageuza nyuso. Sijui kama nina haki ya kuugusa. Nilimsomea dada yangu maneno ya huyu aliyetundikwa juu yake, nikayageuza kuwa kamba. Lakini haukuwa wa Gershom, na haukuwa wa Lenox. Baba alinunua misumari kwa pesa zake.

Niliupangusa kwa leso yangu kuanzia pembeni, bila kusukuma, mpaka namba zikaonekana. Kisha niliuinua. Ni mzito. Nilidhani mtu akiuchukua mwenyewe utakuwa mwepesi, lakini si kweli. Nilipumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Hakuna aliyeimba, na hakuna mama aliyenipokea. Mama alisogeza kiti tu, nipite.

Jumatatu, 21 Aprili

Jina la Mama limefutwa. Mama Mwende alipita bila salamu. Lenox, wanasema, atasafiri kidogo kupumzika, kwaya inamchangia.

Mweri amepiga simu kutoka Mtongwe. Shangazi amempa chumba cha nyuma, na cherehani inafanya kazi. Daktari amesema sikio halitarudi. Alisema hivyo haraka, kama anayetaja hali ya hewa.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, nimeandika maneno kwenye karatasi. Nikashindwa. Nikasema, "Heri ya Pasaka, dada."

"Unasemaje?"

"Heri ya Pasaka."

"Ngoja," akasema. "Ngoja nihamishe simu." Nikasikia ikikwaruza kwenye nywele zake, ikizunguka mpaka upande wa pili. "Haya. Sema tena."

Nikasema tena.